Namna ya kuorodhesha machapisho ya mtafiti wa virusi vya mimea na kupima yanavyonukuliwa: mwongozo kutoka Bukavu

Anayeomba kupandishwa cheo katika chuo kikuu, au anayeomba fedha za mradi, siku hizi huulizwa mambo mawili: amechapisha nini, na kazi zake zimenukuliwa mara ngapi. Wengi wetu hapa Bukavu hujibu swali la pili kwa kufungua Google Scholar kwenye simu, kunakili tarakimu iliyo juu na kuibandika kwenye faili. Tarakimu hiyo inaweza kuamua nani atakwenda kuchukua sampuli za mihogo Kabare na Walungu na nani atabaki ofisini. Kwa hiyo inastahili kutafutwa kwa uangalifu uleule tunaoutumia tunapoandika lebo ya jani lililokatwa shambani.

Mwongozo huu unamlenga mtafiti wa virusi vya mimea, kwa sababu fani hiyo ina mitego yake ambayo miongozo ya jumla haiitaji. Asubuhi mbili zinatosha kwa orodha ya mtu mmoja, mradi mtandao usikatike.

Anza na jina

Somo la kwanza nililipata kwa uchungu. Nilimwandalia mwalimu mmoja orodha yake, na kati ya makala nilizohesabu ilikuwamo moja inayohusu uvuvi wa sambaza, samaki wadogo, katika Ziwa Kivu. Aliyeiandika alikuwa mtu mwingine mwenye jina lilelile. Tume iliyopokea faili iliigundua makala hiyo kabla yetu, ikaitilia shaka orodha nzima, na mwalimu yule akasubiri muda mrefu kwa kosa lililokuwa langu.

Majina yetu ya Kikongo yanataka subira. Mwaka 1972 Mobutu alipopiga marufuku majina ya ubatizo ya Kizungu, watu walishika majina mawili ya asili, na baadaye jina la ubatizo likarudi na kukaa mwishoni. Majarida mengi ya nje hudhani kwamba jina lililoandikwa mwisho ndilo la ukoo, na hivyo mtafiti mmoja anaweza kutokea mahali pamoja kwa jina lake la kwanza, pengine kwa jina la pili, na kwingineko kwa jina la ubatizo likiwa limefanywa la ukoo. Kabla ya kutafuta chochote, kaa na mwenyewe, umwombe akuandikie kila namna jina lake lilivyowahi kuchapwa, pamoja na herufi za mwanzo peke yake, alama za Kifaransa zilizodondoka na kistari kilichoongezwa na mhariri. Kisha muulize kama ana namba ya ORCID. Ni namba ya tarakimu 16 inayotolewa bure tangu 2012, nayo humtofautisha mtu mmoja na wenye jina lake. Kama hana, mwandikishe siku hiyohiyo, maana kila makala utakayoithibitisha utaiweka humo na hutairudia kazi hii mwakani.

Tafuta pia kwa jina la kirusi

Jina la mtu peke yake huacha mapengo. Tafuta tena kwa majina ya virusi anavyovishughulikia, kwa majina ya magonjwa na kwa majina ya mahali. Hapa ndipo fani yetu inapochosha. Mozaiki ya muhogo, ambayo majirani zetu wa Tanzania huiita batobato, husababishwa na virusi kadhaa vinavyobebwa na inzi weupe. Mwaka 1997 ilipoelezwa kwamba aina kali iliyotokea Uganda ilikuwa mchanganyiko wa virusi viwili, majarida yalianza kuiita kwa vifupisho mbalimbali, EACMV-UG kikiwa kimoja tu. Tena tangu 2021 Kamati ya Kimataifa ya Uainishaji wa Virusi imeagiza kila spishi iwe na jina la maneno mawili: spishi ya ACMV (African cassava mosaic virus, kimojawapo cha virusi vya mozaiki ya muhogo) sasa ni Begomovirus manihotis, na ile ya BBTV (banana bunchy top virus), inayodumaza migomba na kukusanya majani yake kileleni, ni Babuvirus musae. Anayetafuta kwa jina jipya tu atakosa makala za miaka mingi, na anayetafuta kwa la zamani tu atakosa za juzi.

Mahali nako kumebadilika majina. Makala za kati ya 1971 na 1997 husema Zaire. Za kabla ya uhuru husema Kongo ya Wabelgiji, na Bukavu yenyewe kwa sehemu ya wakati huo iliitwa Costermansville. Tafuta pia kwa majina ya vituo vya utafiti, Mulungu, Kalambo na Lwiro, kwa kuwa mara nyingi ndiyo yaliyoandikwa chini ya majina ya waandishi.

Jihadhari na jambo moja: watafiti wetu wengi wa migomba wameandika pia juu ya mnyauko unaosababishwa na Xanthomonas. Huyo ni bakteria. Makala hizo ni za mtafiti na zinabaki kwenye orodha yake, lakini hazihesabiwi katika sehemu ya virusi.

Safisha kabla ya kuhesabu

Weka kila kitu kwenye jedwali la Excel, mstari mmoja kwa kila makala: mwaka, kichwa, jarida, namba ya DOI (namba ya kudumu inayoitambulisha makala mtandaoni), nafasi ya mtafiti kati ya waandishi, na idadi ya kunukuliwa. Kisha fungua kila DOI uone kwa macho yako kwamba makala ipo na jina lake limo.

Acha nionyeshe usafishaji unavyobadilisha hesabu. Tuseme ukurasa wa mtafiti unaonyesha machapisho tisa yaliyonukuliwa mara 48, 31, 12, 9, 6, 5, 3, 1 na 0. Jumla ni 115. Kipimo cha h, kilichopendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, ni idadi kubwa kabisa ya makala ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara zilizo sawa na idadi hiyohiyo. Hapa ni 5, kwa kuwa makala tano zimefika angalau 6, lakini hakuna sita zilizofika 6. Ukichunguza, unagundua kwamba ile ya 5 na ile ya 3 ni makala moja iliyoingizwa mara mbili, mara ya pili kwa kichwa cha Kifaransa. Ukiziunganisha unapata 8, na h inapanda kuwa 6. Halafu unagundua kwamba ile ya 31 ndiyo ya sambaza. Ukiiondoa, h inarudi 5, jumla inashuka hadi 84, na makala zilizofikisha nukuu 10 zinabaki mbili. Mwisho unaona kwamba katika zile sita za makala ya tano, mbili mtafiti amejinukuu mwenyewe. Ukiziondoa, hata kama kwingineko hakujinukuu, h inakuwa 4. Tarakimu ya kwanza haikutofautiana sana na ya mwisho, lakini ya mwisho unaweza kuitetea mbele ya tume, mstari kwa mstari.

Kujinukuu si kosa. Mtu anayefuatilia kirusi kimoja katika bonde la Ruzizi kwa miaka kumi hana budi kurejea kazi yake ya awali. Toa hesabu zote mbili, yenye nukuu zake mwenyewe na isiyo nazo.

Chanzo kimoja kwa kila hesabu

Google Scholar huhesabu hata tasnifu, ripoti na makala za awali ambazo hazijapitiwa na wataalamu. Scopus na Web of Science huhesabu majarida yaliyochaguliwa, kwa hiyo tarakimu zao kwa kawaida ni ndogo. OpenAlex, iliyoanza 2022, ni ya bure na inafaa kwa asiye na chuo kinacholipia. Chagua kimoja, andika jina lake na tarehe, na usichukue jumla ya hapa ukaiunganisha na h ya pale. Piga picha ya skrini papo hapo, maana kesho tarakimu itakuwa imebadilika.

Soma wanaonukuu

Sehemu hii wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye maana kuliko zote. Fungua makala kumi kati ya zile zinazomnukuu mtafiti wako, utafute sentensi yenyewe. Nyingine zitasema tu kwamba ugonjwa umeripotiwa pia mashariki mwa Kongo, zikapita. Nyingine zitakuwa zimetumia vianzishi vyake vya PCR, yaani vipande vifupi vya DNA vya kutambulia kirusi maabara, au zimelinganisha mfuatano wa jenomu aliouweka GenBank, hazina ya mtandaoni ya mifuatano hiyo, na ule wa Burundi au Rwanda. Chache zitakuwa zinampinga. Idadi inazihesabu sawasawa, ilhali aliyetumia kazi yako kupima majani yake amekutegemea kuliko aliyekutaja katika utangulizi. Andika safu moja zaidi kwenye jedwali: ametajwa, ametumiwa, au amepingwa.

Tazama pia aina ya makala. Tangazo la kirusi kuonekana kwa mara ya kwanza nchini huwa fupi, mara nyingi ukurasa mmoja, na huenda likanukuliwa mara chache. Makala za muhtasari hunukuliwa mno: ile ya mwaka 2011 iliyoorodhesha virusi kumi vya mimea vyenye uzito zaidi katika fani, TMV (kirusi cha mozaiki ya tumbaku) kikiongoza na ACMV kikiwa cha saba, inajulikana na karibu kila mtu wa kazi hii. Kwa afisa kilimo wa Walungu, ule ukurasa mmoja unaosema kirusi kimefika wilayani kwake una thamani kubwa zaidi, na ni wajibu wa anayeandaa faili kulisema hilo kwa maneno.

Usisahau GenBank. Watafiti wengine hutumia mfuatano wa jenomu na kutaja namba yake tu bila kuinukuu makala. Chukua kila namba ya mfuatano aliouweka mtafiti wako, uitafute kwenye Google Scholar ndani ya alama za kunukuu, na matokeo uyaweke kando, usiyajumlishe na nukuu.

Vivyo hivyo vijitabu vya wakulima juu ya kuchagua vipando safi, mafunzo yaliyotolewa mashambani na ripoti za vituo havionekani katika hesabu yoyote. Viorodheshe chini ya kichwa chake, pamoja na mwaka na mahali.

Kuandika matokeo

Katika faili yenyewe, sentensi nne zinatosha, kwa mfano: «Machapisho saba yaliyothibitishwa kwa DOI, matano yakihusu virusi vya mimea. Kwa Google Scholar, tarehe uliyotazama, yamenukuliwa mara 84, h ikiwa 5. Bila nukuu za mwandishi mwenyewe, mara 82, h ikiwa 4. Kati ya makala kumi zilizosomwa, nne zimetumia vianzishi au mfuatano wake.» Ambatanisha jedwali na picha za skrini, mpe mtafiti asome kila mstari na kutia sahihi, kisha ndipo upeleke faili kwa tume.