Sahani ya mzee: punguza bugali, ongeza mboga

Mama mkwe wangu tunakaa naye hapa Kadutu, mjini Bukavu, na kwake yeye, asiyekula bugali, ugali wetu wa muhogo, hajala. Simbishii. Ninachofanya ni kumpunguzia tonge na kumwongezea mboga. Mzee hushiba upesi, na unga wa muhogo ni wanga karibu mtupu. Ukijaza tumbo lake kwa bugali, atasema ameshiba kila siku huku mikono na mapaja yanazidi kukonda.

Mtu wa umri huo anahitaji protini kama gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake, kila siku. Mwenye kilo 50, basi, ni gramu 50 hadi 60. Yai moja lina kama gramu 6, na kikombe cha maharagwe yaliyoiva kama 15. Usingoje jioni ndipo umpe zote: asubuhi uji wa sosoma, unga wa mtama, soya na mahindi, kwa sababu una soya, mchana maharagwe yaliyopikwa hadi yakalainika, jioni samaki.

Kwa samaki, mimi ni sambaza tu, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Wako wanaoidharau, eti ni chakula cha wasio na pesa, shauri yao. Sambaza inaliwa nzima, pamoja na miiba, na humo ndimo mna kalisi ya mifupa. Mbichi inunue asubuhi, wavuvi wakitoka ziwani na taa zao. Usiku wa mbalamwezi hawapati nyingi, kwa hiyo weka akiba ya kavu nyumbani.

Na kama hana meno? Osha sambaza kavu mpaka mchanga uishe, uanike tena. Ikaange bila mafuta, kwa moto mdogo wa makala, mpaka ivunjike ukiiminya kwa vidole. Vichwa vitoe kama hapendi uchungu. Twanga kwenye kinu, kisha chekecha, maana kipande kimoja cha mwiba kikimchoma kwenye ufizi hataigusa tena. Lengalenga, yaani mchicha, ikikaribia kuiva, tia vijiko viwili vya unga huo, koroga, teremsha.

Chumvi ndiyo inayotugombanisha. Kwa siku nzima isifike gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai, na hapo umeshahesabu ile iliyo ndani ya vidonge vya mchuzi. Makayabu, samaki wa chumvi, iloweke usiku kucha na kubadilisha maji mara kadhaa. Ulimi wa mzee hauonji kama zamani, kwa hiyo atalalamika. Mpe ndimu, tangawizi, kitunguu saumu. Wangu bado analalamika, lakini sahani inarudi tupu.

Chai isiletwe pamoja na maharagwe, inazuia madini ya chuma kuingia mwilini. Ngoja kama saa moja. Kwenye chakula weka papai au marakuja (pasheni), yanasaidia madini hayo kuingia.

Maji, asingoje kiu, kwa sababu kiu ya wazee huchelewa. Wengi wanayakwepa kwa kuogopa kuamka usiku, basi mpe kikombe kila mara mchana, umpunguzie jioni. Ila mwenye ugonjwa wa moyo au figo afuate kipimo cha daktari wake, katika maji na hata katika protini.

Kama huna mizani, angalia anavyofunga kikwembe, yaani kitenge chake. Kikianza kumzunguka zaidi ya kawaida na yeye hajakusudia kupungua, mpeleke kituo cha afya wiki hiyohiyo.