Namna ya Kuona Mwanga Ukiamrisha Jeni za Mche

Jeni hazionekani kwa macho, lakini kazi yake husomeka vizuri katika urefu wa shina changa, na ndiyo maana jaribio hili halihitaji zaidi ya rula, pamba, mbegu 60 za haradali, vyombo vitatu angavu vyenye vifuniko, na masanduku mawili yasiyopitisha hata mwale mmoja.

Lowesha pamba ya kutosha tangu mwanzo ili usilazimike kuongeza maji, kisha weka mbegu 20 katika kila chombo. Chombo cha kwanza kikae penye mwanga usio wa jua kali, kwa kuwa joto likitofautiana hutaweza kujua kilicholeta tofauti. Cha pili kifungiwe sandukuni bila kufunguliwa kabisa. Cha tatu kikae katika sanduku lake na kitolewe kila siku kwa dakika 10 tu. Usichungulie kwa tochi, hata ya simu, maana mche uliokulia gizani huhisi mwanga hafifu mno.

Siku ya sita, pima mashina yote. Miche ya gizani itakuwa mirefu, myembamba, ya manjano, na vichwa vyake vimepinda kama ndoana. Gizani, protini ziitwazo PIF hukaa katika kiini cha seli zikichochea jeni za kurefusha shina, huku protini COP1 ikisababisha HY5, protini nyingine ambayo ndiyo huwasha jeni nyingi za maisha ya mwangani, ivunjwe kila inapotengenezwa. Mwanga mwekundu unapofika, kipokezi kiitwacho faitokromu hubadili umbo, huingia katika kiini na kuziandama PIF hadi zivunjwe. Kriptokromu, inayopokea mwanga wa bluu, husaidia kuizuia COP1, na HY5 hupata nafasi ya kujikusanya.

Kwangu mimi, chombo cha tatu ndicho chenye thamani kuliko vyote. Dakika 10 kwa siku hazitoshi kuulisha mche, hata hivyo mashina yake yatakuwa mafupi kuliko ya gizani, jambo linaloonyesha kwamba mwanga umepokelewa kama ishara na si kama chakula.

Usiegemeze hitimisho lako kwenye rangi ya kijani. Katika mimea itoayo maua, hatua mojawapo ya mwisho ya kutengeneza klorofili huhitaji mwanga moja kwa moja ndani ya kimeng'enya, kwa hiyo sehemu ya kijani hicho haitokani na jeni kuwashwa.

Ukipata taa za LED za nanomita 660 (mwanga mwekundu) na 730 (mwekundu wa mbali, ambao jicho huuona kwa shida), rudia chombo cha tatu kwa mwanga mwekundu, kisha, katika chombo cha nne, mulika huo mwekundu na kuufuatisha mara moja na ule mwekundu wa mbali. Athari ya mwanga wa kwanza itapungua sana. Wanasayansi Borthwick, Hendricks na wenzao waliuonyesha ugeuzi huo huko Beltsville, Marekani, mwaka 1952, kwa mbegu za saladi: mwanga uliomulikwa mwisho ndio ulioamua kama mbegu itaota.