Donati za tufaha kwa chachu ya chupani, jikoni Kikwajuni, Zanzibar

Mama mkwe alipoziona mara ya kwanza aliigeuza moja mkononi, akachungulia kwenye tundu, akaniuliza: "Mwanangu, andazi hili limeliwa na nani?" Nikamwambia, "Mama, kula kwanza." Alikula tatu, kisha akataka nyengine za kumpelekea jirani.

Nilizijua donati hizi nilipokuwa jikoni kwenye hoteli moja ya Paje, upande wa mikate na vitamu. Kulikuwa na mgeni wa Kimarekani aliyekuwa akizitamani kama mja mzito. Kwao, kaskazini mashariki ya Marekani, matufaha yakivunwa Septemba na Oktoba, watu huenda mashambani kununua juisi mbichi pamoja na donati zilizokandwa kwa juisi hiyo hiyo, moto moto, zimegaragazwa kwenye sukari na mdalasini. Juisi hiyo wanaiita saida (cider), na hapo ndipo wengi wetu tunaposhituka, kwa sababu Uingereza saida ni pombe. Ya Wamarekani ni juisi ya tufaha tu, nzito kidogo kwa kutochujwa sana. Haina kilevi, na tutaichemsha ikingali mbichi.

Za kwao aghalabu hupandishwa kwa bekin pauda na soda ya kuokea. Mimi natumia chachu ninayoifuga mwenyewe, kwa sababu ukali wake mdogo unakata ule utamu na kuliamsha tufaha. Lakini nilipofuata neno kwa neno maelezo ya wale wa kwao wanaotumia chachu kama hii, nililia. Waliandika donge liachwe mezani usiku kucha. Meza yao iko kwenye chumba cha nyuzi 20. Yangu, wakati wa kaskazi, iko kwenye nyuzi 31. Asubuhi nilikuta unga umemwagika nje ya bakuli, unanuka siki, hausukumiki, na ulipoingia kwenye mafuta ukayanywa kama sponji. Kwa hiyo saa nitakazozitaja hapa ni za kwetu, na hata hizo usiziamini kuliko jicho lako.

Kama huna chachu, anza wiki moja kabla. Chukua unga wa ata, ule usiokobolewa, gramu 50, na maji ya kunywa gramu 50. Koroga kwenye chupa ya jemu, funika bila kukaza. Kila siku bakisha gramu 50, nyengine tupa au tia kwenye chapati za maji, halafu ongeza unga gramu 50 na maji gramu 50. Siku ya pili au ya tatu itafura kwa kishindo na itatoa harufu mbaya. Inakudanganya, hao ni bakteria wa mwanzo tu. Kisha itatulia kama imekufa, na hapo ndipo wengi huitupa. Usiitupe. Endelea kuilisha, na ikitulia hivyo hadi siku ya tano lisha mara mbili kwa siku. Kufika siku ya saba hivi itakuwa inapanda mara mbili ya kimo chake kwa saa nne au tano, na harufu yake ni ya mtindi. Chupa iweke katikati ya sahani yenye maji, la sivyo sisimizi watakutangulia.

Sasa juisi. Tufaha ninalosema ni lile la dukani ambalo sokoni wanaliita epo, si matufaa yetu mekundu ya shamba yenye maji mengi. Pale Darajani mengi ni ya Afrika Kusini. Nunua kilo moja na nusu, uchanganye matamu na yale ya kijani yenye ukali. Matamu matupu hutoa juisi iliyopooza. Kata na maganda yake, toa kokwa, saga kwenye blenda kwa maji kidogo sana, kamua kwa kitambaa cha kuchujia tui. Utapata kama mililita 900. Zitie kwenye sufuria pana siku hiyo hiyo. Kwa joto letu juisi ikilala mezani huanza kuchachuka, na hapo umeingia kwenye jambo jengine.

Chemsha bila kifuniko, moto wa wastani, ukiondoa povu. Hapa hakuna njia ya mkato. Juisi mbichi ukiikandia moja kwa moja, ladha yake haionekani kabisa, kwani asilimia kubwa ni maji. Dakika 20 za mwanzo huoni tofauti. Karibu na dakika 40 mapovu yanakuwa makubwa na mazito, rangi inageuka ya chai ya rangi. Pitisha mwiko chini ya sufuria: njia ikikaa wazi kwa kitambo kidogo kabla ya kujifunga, epua. Ibaki mililita 150. Ukiipitiliza itakuwa gundi, basi rudishia maji vijiko viwili. Iache ipoe kabisa. Chachu ni viumbe hai, ukiwamwagia shira ya moto umewaua.

Mchana wa siku ya kukanda, chachu iwe imelishwa tangu saa mbili asubuhi, sehemu moja ya chachu, moja ya unga, moja ya maji. Ikifika adhuhuri itakuwa imepanda na mgongo wake bado umetuna. Chota kidogo uangushe kwenye bakuli la maji. Ikielea, kanda. Ikishaanza kubonyea katikati imezeeka, na ukali wake utauonja kwenye donati.

Vipimo vyangu ni hivi, na tumia mizani: unga wa ngano mweupe gramu 500 uliochungwa, chachu gramu 150, shira ya tufaha mililita 120 (zile 30 zilizobaki weka), maziwa vuguvugu mililita 120, mayai 2, sukari vijiko vikubwa 2 tu, chumvi kijiko kidogo kimoja na nusu, mdalasini wa kutwanga vijiko vidogo 2, kungumanga ya kukwaruza nusu kijiko kidogo, na siagi laini gramu 60. Zinatoka kama 16.

Sukari usiongeze. Shira ina sukari yake ya kutosha, na sukari nyingi huvuta maji ya donge na kuidumaza chachu. Mara moja nilitia kikombe kizima kwa mazoea ya maandazi, donge likalala kama jiwe hadi usiku.

Na iliki usitie. Najua. Shoga yangu aliniambia andazi lisilo na iliki ni unga wa kukaanga. Lakini iliki ikiingia tufaha halisikiki tena, na umepoteza pesa zako za epo. Tui vivyo hivyo: linalainisha vizuri sana, ila linafunika. Mdalasini ndio usione tabu kuutafuta mzuri. Ule mwembamba wa mashamba ya Kizimbani, ukiuvunja unakatika kama karatasi kavu. Utwange mwenyewe kwenye kinu siku hiyo.

Changanya vyote isipokuwa siagi, pumzisha nusu saa, kisha kanda dakika 12. Siagi tia mwisho, kidogo kidogo. Mwanzoni donge litateleza na kukukatisha tamaa. Usiongeze unga, litashika. Kata kipande, kivute kwa vidole ukikielekeza dirishani. Ukiona kivuli cha vidole vyako upande wa pili bila kuchanika, limetosha.

Funika, weka pembeni. Wakati wa kaskazi kwangu huumuka kwa saa nne au tano. Miezi ya kusi, Julai na Agosti, saa sita hadi nane. Nusu ya ukubwa wake ikiongezeka inatosha, si lazima mara mbili. Baada ya isha lipeleke kwenye friji. Baridi hulikaza lisukumike, na ladha hukomaa polepole. Umeme ukikatika usiku usifungue mlango wa friji. Ukirudi baada ya saa mbili tatu hakuna kilichoharibika. Usiporudi, kata na ukaange usiku huo huo. Mie nimewahi kukaanga kwa taa ya simu.

Baada ya sala ya alfajiri litoe. Lisukume likiwa bado la baridi, kwenye kibao cha chapati, unene wa sentimita moja na nusu. Kata kwa mdomo wa glasi, na tundu la katikati kwa kizibo cha chupa ya maji. Tundu si urembo: pasipo tundu, pembeni pataungua na katikati pabaki pabichi. Kila moja iweke juu ya kipande chake cha karatasi ya kuokea, ili usiiminye ukiibeba. Funika kwa kanga. Baada ya saa moja na nusu au mbili bonyeza moja kwa kidole. Shimo likirudi polepole na kuacha alama, washa moto. Likirudi upesi, bado.

Seredani ninaipenda kwa mambo mengi, lakini kwa hili tumia gesi, kwa sababu moto unatakiwa usimame pale pale. Mafuta lita mbili kwenye karai, nyuzi 170 hadi 175. Kama huna kipimajoto, tupia kinyunya: kizame, kiinuke taratibu, kiwe na rangi ya dhahabu baada ya dakika moja na nusu hivi. Kikiinuka papo hapo na kugeuka kahawia, shusha moto. Donati hizi zina sukari ya tufaha, kwa hiyo huiva rangi haraka kuliko maandazi, na ukidanganyika na rangi utakula unga mbichi. Ziingize tatu tatu pamoja na karatasi zake. Karatasi hujibandua, itoe kwa koleo. Dakika moja na nusu kila upande, na geuza mara moja tu.

Ziweke kwenye kichujio dakika moja, zipake ile shira iliyobaki kwa brashi, kisha zigaragaze kwenye sukari gramu 150 iliyochanganywa na mdalasini vijiko vidogo 2. Ukiziwahi mno sukari inayeyuka; zikipoa haishiki.

Vile vipande vya katikati kaanga mwisho, sekunde chache tu kila upande. Kwangu havifiki mezani. Wanangu husimama mlangoni na sahani mkononi kabla sijazima moto, na mama mkwe nyuma yao.