Namna ya kuangalia picha za Seydou Keïta ukizikuta makumbusho

Kama uko Ulaya au Marekani ukasikia makumbusho fulani wameweka maonyesho makubwa ya Seydou Keïta, yule mpiga picha wa studio wa Mali, nenda, ila usizipitie zile picha mbio mbio. Mi niliziona Paris 2016, pale Grand Palais, zilikuwa karibu 300, nikazunguka zote nikatoka kichwa kimejaa na siwezi kukumbuka hata uso mmoja vizuri, ikabidi nirudi siku nyingine, na haya ndo niliyoyaona ile mara ya pili.

Kabla hujaenda jua haya machache tu. Keïta ni mtu wa Bamako, Mali, kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie, aliletewa na ndugu ya baba yake mwaka 1935 akiwa bado kijana mdogo, 1948 akafungua studio kwenye kiwanja cha familia mtaa wa Bamako-Coura, 1962 serikali ikamchukua awe mpiga picha wake. Picha nyingi utakazoziona ni za hiyo miaka kumi na kitu ya katikati.

Ukiingia usianze na vibao vya maelezo vilivyo pembeni ya picha. Anza na kitambaa kilichotundikwa nyuma ya watu. Cha kwanza kilikuwa shuka lake mwenyewe la kitandani, alilitumia 1949 mpaka 1952, baada ya hapo akawa anabadilisha kila miaka miwili mitatu, na miaka mingi baadaye hivyo vitambaa ndo vilimsaidia kujua picha ipi ni ya lini. Kwa hiyo na wewe ukishavizoea unaweza kukisia mwaka bila kusoma popote, jaribu, utashangaa. Alafu tafuta picha ya mama aliyevaa gauni la maua mbele ya kitambaa cha maua, simama hapo usiondoke haraka, utaona nguo na pazia vinaanza kumezana mpaka anabaki uso na mikono tu. Kwangu hapo ndo pana utamu wote wa huyu mzee.

Kisha fuata mikono. Vidole vimewekwa makusudi, yeye ndo alikuwa anampanga mteja akae vipi, ageuze bega wapi, na mara nyingi alipiga mara moja tu maana filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo ule utulivu unaouona ulipatikana kwa pigo moja, kwa mwanga wa jua la uani. Angalia pia saa, redio, kalamu mfukoni, Vespa. Usidhani vyote ni vya mteja, studio ilikuwa na vitu vyake vya kuazimisha, hata suti za kizungu.

Sasa hili wengi hawalioni: ukubwa. Zile picha kubwa zinazojaza ukuta zilisafishwa, yaani zilitolewa kwenye karatasi, miaka ya tisini kutoka kwenye negativu zake za zamani, zile filamu alizopigia, ndo maana nyeusi yake ni nzito vile. Mteja wa Bamako yeye aliondoka na kipicha cha sentimita 13 kwa 18, kilichosafishwa pale pale studio. Ukikuta kabati lenye hivyo vidogo, vimechakaa pembeni, inama karibu kabisa, mi navipenda kuliko vile vikubwa, vimeshikwa na watu. Kibao kikionyesha miaka miwili, wa kwanza ni wa kupiga, wa pili ni wa kusafisha.

Mwisho ndo soma majina. Utakuta wengi wameandikwa hawana jina, na inauma, maana walikuja studio wamependeza ili wakumbukwe. Keïta mwenyewe yalimkuta, 1991 picha zake zilionyeshwa New York zimeandikwa mpiga picha hajulikani, watu wakaenda kumtafuta Bamako, na 1994 akapata maonyesho yake mwenyewe Paris akiwa hai, akayaona.

Ukirudi nyumbani toa ile picha ya studio ya bibi iliyoko kwenye albamu au chini ya godoro, muulize huyu ni nani, hii saa ilikuwa ya nani, mlipiga wapi, alafu andika nyuma kwa penseli laini, usitumie peni, wino unapenya mbele.