Kufungua paneli ya mlango wa Toyota bila kuvunja klipu wala kuchana nailoni

Somo hili linahusu Toyota ndogo za miaka ya 2000 zilizojaa barabarani kwetu: Corolla, Fielder, Probox, Vitz, IST. Milango yake inafanana sana. Kinachotofautiana ni mahali skrubu zilipofichwa. Kufungua ni rahisi. Kurudisha sawasawa ndiko kunakowashinda wengi, na kosa kubwa huwa ni ile nailoni iliyo nyuma ya paneli, yaani ubao wa ndani wa mlango. Gari likinuka ukungu kila masika, shuku kwanza mlango uliowahi kufunguliwa.

Andaa bisibisi ya nyota namba 2, bisibisi bapa nyembamba iliyozungushiwa tepu kwenye ncha, soketi ya milimita 10 na ekstensheni yake, kabari ya plastiki, wembe, tepu ya karatasi ya wapaka rangi, na klipu mpya 5 za akiba (vibanio vya plastiki vinavyoshika paneli kwenye mlango). Klipu nunua kwa sampuli, usikisie: shingo ikiwa nyembamba kidogo tu, paneli itagongagonga.

1. Umeme. Kama kioo bado kinafanya kazi, kipandishe hadi juu kisha toa ufunguo. Ikiwa mlango una plagi au waya za njano, hizo ni za eabegi: fungua terminali hasi ya betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa chochote. Kama hakuna, iache betri. Redio nyingi za navigesheni kutoka Japani hujifunga zikikatiwa umeme, zikadai namba ya siri au kadi ya ramani, na hapo umejiongezea kazi nyingine.

2. Skrubu. Moja iko nyuma ya kifuniko kidogo ndani ya hendeli ya kufungulia. Nyingine iko chini ya shimo la kuvutia mlango. Chomoa pia pembetatu ya plastiki iliyo upande wa ndani wa sait mira.

3. Swichi. Inua kibao cha swichi kwa kabari, bonyeza ulimi wa plagi, kisha vuta plagi yenyewe, si waya.

4. Klipu. Anzia kona ya chini. Sukuma kabari mpaka iguse shingo ya klipu, ndipo uinue. Ukiinua katikati ya klipu mbili, nguvu yote inakwenda kwenye ubao na kung'oa kikalio cha klipu, yaani sehemu ya paneli inayoishikilia. Klipu ni bei rahisi, lakini kikalio hakiuzwi peke yake.

5. Kutoa. Klipu zote zikishaachia, inua paneli wima kwenda juu, kwa sababu ukingo wake wa juu umekalia mdomo wa mlango. Usiivute mbali: bado imeshikwa na waya, na kwenye modeli nyingi pia na kebo mbili za hendeli, moja ya loki na moja ya kufungulia. Piga picha kwa simu kabla ya kuzichomoa.

6. Nailoni. Hapa tulia. Maji ya mvua kuingia ndani ya mlango ni kawaida. Yanapita kati ya kioo na mpira, yanashuka, yanatokea kwenye matundu ya chini. Nailoni ndiyo inayoyazuia yasivuke kuja kwenye paneli na kapeti. Imeshikwa na gundi nyeusi inayonata kama ulimbo. Ikate kwa wembe taratibu, ukilaza wembe sambamba na bati, na bandua sehemu unayoihitaji tu. Usiishike gundi kwa mikono yenye grisi au vumbi, haitashika tena. Ikichanika vibaya, kata mpya kwa kufuata umbo la ile ya zamani, kutoka nailoni nzito ya ujenzi. Usibandike kwa silikoni yenye harufu ya siki: inachochea kutu, na atakayefungua baadaye atachana kila kitu.

7. Kioo. Kabla ya kulegeza bolti za mashine ya kioo (ile inayokipandisha na kukishusha), shikilia kioo kwa tepu iliyovuka juu ya fremu, ndani na nje. Kikianguka kinaweza kupasuka, au kikakukata vidole.

8. Kufunga. Rudisha plagi na kebo, kisha jaribu mlango ukiwa wazi: sukuma ulimi wa loki kwa bisibisi mpaka ujifunge, ufungue kwa hendeli ya ndani, halafu ya nje. Kamwe usibamize mlango kabla ya jaribio hili. Kebo isiyokaa itakufungia mlango na paneli ikiwa ndani. Zibua matundu ya chini kwa waya. Kalisha ukingo wa juu kwanza, linganisha klipu na matundu, piga kwa kiganja, malizia na skrubu bila kuzikaza kupita kiasi.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, paneli imeachia kote isipokuwa sehemu moja. Nivute tu?*
Usivute, kuna skrubu imebaki. Angalia ndani ya mfuko wa chini, nyuma ya taa ya mlango, na chini ya kibao cha swichi.

*Probox yangu ina kioo cha kuzungusha kwa mkono na sioni skrubu kwenye mkono wake.*
Hakuna skrubu. Nyuma ya mkono kuna pini ya waya yenye umbo la kiatu cha farasi. Pitisha kitambaa kati ya mkono na paneli, kivute kushoto na kulia kama unang'arisha kiatu. Kitainasa pini na kuitoa. Funika kwa kiganja, inaruka mbali.

*Mota inasikika lakini kioo hakipandi. Ninunue mota?*
Hapana, ndugu. Mota ikizunguka bure, mara nyingi kebo ya mashine imekatika au kioo kimeachia bolti zake. Isiposikika kabisa, pima umeme kwenye plagi ya mota kwa taa ya volti 12 huku mtu akibonyeza swichi. Taa ikiwaka, mota ndiyo mbovu. Isipowaka, rudi kwenye fyuzi, swichi, na waya zinazopita kwenye bawaba, maana hukatika kwa kukunjwa kila mlango unapofunguliwa.

*Betri ilitolewa, sasa kioo cha dereva hakipandi chenyewe hadi juu.*
Washa swichi ya gari, pandisha kioo kwa kushikilia kitufe, na kikifika juu endelea kushikilia kwa sekunde kama mbili.