Mtihani wa vitendo wa njia ya hewa ya mtoto: weka kichwa sawa kabla hujaminya mfuko

Wiki iliyopita nilirudia mtihani wa vitendo, na safari hii nimefaulu. Mara ya kwanza nilifeli kituo cha njia ya hewa na kupumua, nikalipa ada ya kurudia na kubadilishana shifti tatu na wenzangu ili nipate nafasi. Nakuandikia wewe muuguzi au tabibu unayejiandaa sasa.

Kujisajili hakuna shida. Ila uliza mapema mnafuata mwongozo gani. ETAT+ ya Kenya (mafunzo ya huduma ya dharura kwa watoto) na miongozo ya Ulaya humpa mtoto asiyepumua pumzi tano kwanza. Mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani hauna pumzi tano hizo: unaangalia kupumua na mapigo kwa pamoja, bila kuzidi sekunde 10, na asipokuwa na mapigo unaanza kubonyeza kifua. Ukichanganya miongozo hiyo, unapoteza alama hata kama mikono yako ni mizuri.

Ukiingia, hakikisha usalama, mguse mtoto na kumwita, omba msaada. Yaseme yote kwa sauti, maana mtahini anajaza fomu kwa anachokiona na anachokisikia. Angalia mdomoni. Uchafu unaouona uvute. Usiingize kidole kutafuta usichokiona.

Sasa kichwa, na hapa ndipo nilipoangukia. Mdoli ulikuwa wa mtoto wa miezi sita. Nikaulaza shingo nyuma kama nilivyozoea kwa mtu mzima, nikaweka usoni barakoa iliyounganishwa na mfuko wa kusukuma hewa, nikaminya mfuko. Kifua kimya. Nikaminya kwa nguvu zaidi, hewa ikafyonya pembeni mwa barakoa. Nikaminya tena, muda ukaisha. Kisogo cha mtoto ni kikubwa, kwa hiyo akilala chali shingo inakunjika mbele; ukiilaza nyuma kupita kiasi, njia ya hewa, ambayo bado ni laini, inabanwa vilevile. Chini ya mwaka mmoja, uso utazame dari moja kwa moja, na kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega kinasaidia sana. Aliyezidi mwaka, inua kidevu kidogo zaidi, akae kama anayenusa kitu. Ukishuku ameumia shingo, sukuma taya mbele bila kulaza kichwa.

Barakoa ifunike pua na mdomo, isiguse macho wala kupita kidevu. Kidole gumba na cha shahada viizunguke kwa juu, vitatu vilivyobaki vishike mfupa wa taya. Nasema mfupa: ukibonyeza nyama laini chini ya kidevu, unausukuma ulimi juu na kuziba njia mwenyewe. Hewa ikivuja, shika barakoa kwa mikono miwili na umwombe msaidizi aminye mfuko.

Kila pumzi ichukue kama sekunde moja, hadi uone kifua kinainuka, kisha achia. Macho yawe kifuani. Ukizidisha, hewa inaenda tumboni na mtoto anaweza kutapika. Kifua kisipoinuka, usiongeze nguvu: rudi kwenye kichwa, kisha barakoa, kisha mdomoni. Kurudi huko ndiko kulikonishinda mara ya kwanza.

Mapigo ya mtoto wa chini ya mwaka yapime upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Yakiwa chini ya 60 kwa dakika na ngozi imepauka ingawa unampa hewa vizuri, bonyeza kifua, mara 15 kwa pumzi 2 mkiwa wawili.

Wakikupa kisa cha mtoto wa umri huo aliyepaliwa na hawezi kulia wala kukohoa, ni mapigo matano mgongoni na kubonyeza kifua mara tano. Tumbo usiliguse.

Azima mdoli ufanye mazoezi, na mwombe mwenzako asimame kimya kama mtahini, maana ule ukimya unatisha. Mimi nilifanya hivyo jioni nne. Siku ya kurudia nilianza kwa kukunja kitambaa na kukiweka chini ya mabega, na pumzi ya kwanza kabisa ikainua kifua.