Somo: Babu alikuwa askari wa Bwana Nyama? Anzia hapa

Wakuu, swali la namna ya kutafuta habari za babu aliyekuwa askari wa Bwana Nyama (afisa wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni) nimelijibu inboksi mpaka vidole vimechoka. Naliweka hapa, msome wote.

1. Ongea na wazee wa ukoo. Wiki hii, si mwakani.

2. Jua alikuwa pori gani na mwaka gani. Pori la akiba kama Selous (1922) lilikuwa chini ya Bwana Nyama. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa 1951, utawala tofauti.

3. Jina. Hapa ndipo nilipoumia. Siku mbili nzima niko Nyaraka za Taifa, Dar, namtafuta babu yangu kwa jina la ukoo tunalotumia leo. Patupu. Usiku shangazi ananiambia kwenye simu: "Kazini alikuwa Saidi bin Juma. Ubatizo ulikuja baadaye." Kesho yake nikamkuta kwenye karatasi ya mishahara, na pembeni dole gumba lake kwa wino wa zambarau. Nililia pale pale mezani. Basi msiende bila kuandika majina yote: la utotoni, la dini, la utani, la baba yake. Jaribuni L na R zote mbili. Karani aliandika alivyosikia.

4. Fungua sanduku la bibi: beji, barua ya kazi, picha.

MASWALI

Chui Mweusi: Mkuu tupia link ya majina yao yote.
— Hakuna link. Soma hatua ya 3.

Chui Mweusi: Babu yangu alitumia jina la ukoo tu, hiyo 3 hainihusu.
— Nimesema majina YOTE, la ukoo limo.

Mjukuu wa Liwale: Babu alisimulia kwamba kazi yake ilikuwa kupiga tembo, siyo kuwalinda. Alichanganya?
— Hakuchanganya, ndugu yangu. Tembo walikuwa wanamaliza mashamba, na askari walitumwa kuwapiga. Meno yalikwenda serikalini. Muulize kama alimkuta Ionides, Bwana Nyama wa Liwale aliyekamata nyoka kwa mikono, hapo utapata miaka. Na uliza kijiji chao cha zamani: miaka ya 1940 watu walihamishwa huko kwa sababu ya malale, na pori likapanuliwa. Huenda makaburi yenu yamo ndani ya hifadhi.

Mjukuu wa Liwale: Ameshafariki, ila mdogo wake yupo. Namfuata Jumamosi. Picha moja ya babu inabanduka, niipige laminesheni?
— Usithubutu, joto litaiunguza. Ipige picha kwa simu, mbele na nyuma, kisha iweke kwenye bahasha ya karatasi. Nyuma mara nyingi pana jina la kambi kwa penseli.